Kunasa molekuli moja kwa nanovijiti vya dhahabu: mwongozo wa anayeanza

Kazi yenyewe ni kuona mng'ao wa molekuli moja moja ya rangi, ukikuzwa na nanokijiti, yaani kijiti cha chuma chenye urefu wa makumi ya nanomita. Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale. Nitumie dhahabu au fedha? Mbona nimepata ongezeko la mng'ao la mara 20 wakati wengine wanatangaza mara 1,000? Mbona mimweko, ile miale mifupi ya molekuli, inaonekana hata mahali pasipo na chuma? Mwongozo huu unayajibu kwa kukupitisha kwenye jaribio moja tu: nanovijiti vya dhahabu juu ya kioo, rangi ya krista violeti ndani ya gliserini, na hadubini ya konfokali (inayosoma nukta moja ndogo ya sampuli kwa wakati) yenye leza ya nanomita 633. Kundi la Michel Orrit pale Leiden, Uholanzi, lilitumia mpangilio wa aina hii na mwaka 2013 likaonyesha ongezeko la zaidi ya mara 1,000 kwa molekuli moja. Tumeuchagua kwa sababu vitu vyake vinanunulika, na hauhitaji mashine ya kuchonga chuma kwa mwale wa elektroni.

Kabla ya kushika pipeti, elewa mambo mawili. La kwanza: nanokijiti hukusanya nguvu ya mwanga wa leza kwenye ncha zake mbili, na molekuli iliyo karibu na ncha husisimuliwa zaidi. La pili: nanokijiti hicho hicho huisaidia molekuli kutoa fotoni (chembe za mwanga) haraka, kabla nishati yake haijapotea kama joto. Hapa ndipo chaguo la rangi linapokuwa na uzito. Rangi yenye ufanisi wa kwanta (sehemu ya misisimko inayoishia kutoa fotoni) wa asilimia 90 tayari hutoa fotoni karibu zote inazoweza kutoa, kwa hiyo itanufaika na lile jambo la kwanza tu. Krista violeti ina takriban asilimia 2 ndani ya gliserini, na ndiyo maana ongezeko lake huwa kubwa hivyo. Mara 1,000 ya mwanga hafifu si lazima iwe mwanga mwingi kuliko mara 20 ya mwanga mkali. Ukiwa na rangi nzuri ya kisasa na umepata mara 20, huenda hujakosea popote.

Kuhusu dhahabu na fedha: chini ya nanomita 550 hivi dhahabu hula mwanga mwingi kuliko inavyousaidia, kwa hiyo usiiunganishe na leza ya 488 ukitarajia makubwa. Fedha inafanya vizuri huko, ila huharibika kwa salfa iliyomo hewani na uso wake hubadilika kadiri siku zinavyokwenda. Anayeanza aanze na dhahabu kwenye rangi nyekundu.

Vitu vya kuandaa

Nanovijiti: vya dhahabu, kipenyo nanomita 25 hivi, urefu karibu mara mbili ya kipenyo, kilele cha plasmoni (rangi ya mwanga inayotikisa zaidi elektroni za kijiti) ndani ya maji kati ya nanomita 610 na 640. Huuzwa vikiwa ndani ya maji yenye CTAB, ile sabuni inayovizuia visigandamane.

Rangi: krista violeti ya daraja la maabara, yenye uzito wa molekuli 408. Ndiyo GV, ile dawa ya zambarau inayopakwa vidonda vya mdomoni. Usichukue chupa ya duka la dawa. Aghalabu ni mchanganyiko wa rangi za jamii moja, na hesabu yako ya mkusanyiko (kiasi cha rangi ndani ya kimiminika) haitakuwa na msingi.

Gliserini: isiyo na maji, ya daraja la spektroskopia. Gliserini ya kawaida mara nyingi ina uchafu unaong'aa.

Vioo vya kufunikia: namba 1.5, yaani unene wa milimita 0.17. Lenzi za obijekti za mafuta zimetengenezwa kwa unene huo.

Macho ya mashine: lenzi ya obijekti ya mafuta yenye NA (kipimo cha upana wa mwanga ambao lenzi hukusanya) 1.3 hadi 1.4, leza ya 633 kwa mimweko na ya 532 kwa kupima spektra, bamba la robo-wimbi, kioo cha dikroiki (kinachoakisi rangi moja ya mwanga na kupitisha nyingine), kichujio kinachopitisha kuanzia 645 au 650, tundu la konfokali, detekta inayohesabu fotoni moja moja, spektromita yenye kamera iliyopozwa, na meza ya pieso ya kusogeza sampuli kwa nanomita.

Vingine: sentrifuji, mashine ya kuzungusha kioo, kisafishaji cha ozoni na miali ya urujuanimno, bafu la mawimbi ya sauti, mizani ya kupima miligramu, potasiamu haidroksidi, ethanoli safi, maji yaliyoondolewa ayoni, na gesi ya nitrojeni ya kukaushia.

Vaa glavu na miwani. Krista violeti inashukiwa kusababisha saratani na haitoki kwenye nguo. Ozoni huumiza mapafu, kwa hiyo kisafishaji kiwe chini ya kivuta-hewa.

Hatua

1. Safisha vioo. Viweke kwenye potasiamu haidroksidi ya mola 1 kwa lita (namba zote za mola hapa ni kwa lita) ndani ya bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 15. Suuza mara tatu kwa maji, mara moja kwa ethanoli, kausha kwa nitrojeni, kisha vipitishe kwenye ozoni kwa dakika 30. Chukua kioo kimoja, weka tone la gliserini tupu, kipige picha kwa leza ya 633. Ukiona madoa yanayong'aa, safisha upya. Ruka ukaguzi huu na utakuja kuhesabu uchafu ukidhani ni molekuli.

2. Amsha nanovijiti. CTAB huganda kuwa fuwele chupa ikiwa chini ya nyuzi 25 hivi, hasa maabara zenye kiyoyozi. Pasha chupa hadi nyuzi 30 kwa dakika 20, itikise taratibu hadi weupe wote upotee. Ukichota sampuli kabla fuwele hazijayeyuka, unachota mchanganyiko usiojua una nini.

3. Punguza CTAB, usiimalize. Zungusha mililita 1 kwa nguvu ya g 5,000 (mara 5,000 ya uvutano wa dunia) kwa dakika 15, ondoa maji ya juu bila kugusa tone jekundu la chini, ongeza maji safi. Rudia mara moja tu. Lenga kubaki na CTAB ya takriban milimola 0.1. Kosa la kawaida hapa ni bidii: mtu anaosha mara nne, vijiti vinabaki uchi na kugandamana, na rangi ya kimiminika inageuka kutoka nyekundu-bluu hadi kijivu. Vikigeuka kijivu, mwaga. Havirudi.

4. Vitandaze kwenye kioo. Kama unyonyaji wa mwanga kwenye kilele ni 1 kwa sentimita, anza kwa kuzimua mara 10. Weka mikrolita 50 katikati ya kioo, subiri sekunde 30, zungusha kwa mizunguko 2,000 kwa dakika kwa sekunde 60. Unachotaka ni vijiti 10 hadi 20 katika eneo la mikromita 20 kwa 20. Vikiwa vingi, zimua mara 30 au 100. Usikubali msongamano eti utapata data nyingi: vijiti viwili vilivyogusana vinaonekana kama doa moja chini ya hadubini, na plasmoni yao si ile uliyoipanga.

5. Ondoa CTAB iliyobaki. Suuza kioo kwa maji ya uvuguvugu, kisha ethanoli, kausha, halafu ozoni kwa dakika 30 hadi 60. Tabaka la CTAB huiweka molekuli mbali na ncha, na pia huikamata. Usibadilishe ozoni kwa plazma ya oksijeni yenye nguvu bila majaribio, kwani inaweza kuzifanya butu ncha za vijiti, na ncha ndizo mtaji wako. Tumia kioo siku hiyo hiyo. Uso wa dhahabu uliosafishwa hukusanya uchafu wa hewani.

6. Tengeneza rangi. Yeyusha miligramu 4.08 za krista violeti katika mililita 10 za ethanoli: hiyo ni milimola 1. Chukua mikrolita 10, ongeza mikrolita 990 za ethanoli, upate mikromola 10. Sasa chukua mikrolita 10 za hiyo na uziweke kwenye mikrolita 990 za gliserini, upate nanomola 100. Gliserini usiipime kwa pipeti. Ni nzito kama asali, nusu yake inabaki kwenye ncha ya plastiki. Ipime kwa mizani: mililita 1 ni gramu 1.26, kwa hiyo mikrolita 990 ni gramu 1.25. Changanya taratibu kwa nusu saa kwenye kizungushio, ukifunika chupa na karatasi ya foili. Tengeneza mpya kila siku, maana rangi hii ina chaji chanya na hujibandika kwenye kuta za chupa, na kesho nanomola 100 zako hazitakuwa 100.

Kwa nini gliserini, si maji? Eneo lenye nguvu kwenye ncha lina upana wa nanomita 20 hivi. Ndani ya maji molekuli hulipita kwa chini ya mikrosekunde moja, kabla haijatoa fotoni za kutosha kuhesabiwa. Gliserini kwenye nyuzi 20 ina mnato wa zaidi ya mara 1,400 wa maji, na safari ile ile inachukua sehemu kadhaa za kumi za milisekunde. Ila gliserini hunyonya unyevu wa hewa: ikifika asilimia 10 ya maji, mnato hushuka hadi karibu moja ya sita. Wa pwani, ambako hewa imejaa maji, fungeni chupa mara tu mnapomaliza kuchota.

7. Funga sampuli na utafute vijiti. Bandika duara la silikoni juu ya kioo, jaza mikrolita 80 za gliserini yenye rangi, funika kwa kioo cha pili. Weka bamba la robo-wimbi ili mwanga uwe wa mviringo, yaani mtetemo wake uzunguke pande zote. Mwanga unaotetemeka upande mmoja tu utasisimua tu vijiti vilivyolala upande huo, nawe utadhani vingine ni vibovu. Piga picha kwa leza ya 633 ukitumia mikrowati 1 ikipimwa kabla ya lenzi. Dhahabu yenyewe hung'aa kidogo, na hilo linatosha kukuonyesha madoa.

8. Kagua kila kijiti kabla hujakiamini. Hatua hii ndiyo inayotenganisha data na bahati, na ndiyo inayorukwa zaidi. Hamia leza ya 532, mikrowati 10 hadi 30, pima spektra ya mng'ao wa dhahabu kwa sekunde 30, kisha sogea mikromita 2 pembeni, pima tena, na utoe hiyo ya pili kutoka ya kwanza. Kijiti kimoja kinatoa kilele kimoja laini, chenye upana wa nanomita 30 hadi 50 hivi nusu ya kimo chake. Kilele kipana sana, chenye bega, au vilele viwili: hivyo ni vijiti vilivyogandamana. Viache. Kisha angalia kilele kiko wapi. Tunachagua vilivyo kati ya 630 na 660, kwa sababu hapo plasmoni inaisaidia leza na pia inausaidia mng'ao wa rangi. Kumbuka kwamba kilele ndani ya gliserini huwa chekundu zaidi (namba kubwa zaidi) kuliko ndani ya maji, na mbali sana na kile cha hewani. Namba iliyoandikwa kwenye chupa ni ya maji, tena ni wastani wa mabilioni ya vijiti. Kijiti kilicho mbele yako kina namba yake.

Kwa vioo vingi, theluthi au nusu ya madoa yatakataliwa. Usione uchungu.

9. Rekodi mimweko. Rudi kwenye 633, mikrowati 1 hadi 5. Simamisha fokasi juu ya kijiti, rekodi muda wa kuwasili kwa kila fotoni kwa dakika 2 hadi 5. Ukizipanga fotoni katika vifungu vya milisekunde 1 au 10 utaona mstari wa chini, ambao ni dhahabu pamoja na rangi ya jirani, na juu yake mimweko mifupi. Kwa nanomola 100, hesabu ya haraka inatoa takriban mmweko mmoja kwa sekunde, lakini ile mikubwa kabisa ni nadra kwa sababu molekuli lazima ipite pahali penyewe ikiwa imeelekea upande unaofaa. Rekodi ya sekunde 10 haikuambii kitu.

Usikimbilie kuongeza nguvu ya leza. Kijiti kilicho kwenye rezonansi (kilele chake kikilingana na leza) hupata joto la karibu nusu digrii kwa kila mikrowati. Ukiweka 50, umepasha gliserini ya pale kwa nyuzi 20 na zaidi, na mnato wake hupungua kwa zaidi ya nusu kwa kila nyuzi 10 za mwanzo. Mimweko inakuwa mifupi, unaongeza nguvu tena, na mwishowe kijiti kinajikunja kuelekea umbo la tufe.

10. Pima mng'ao wa kulinganishia, yaani wa molekuli isiyo na kijiti. Huwezi kuona molekuli moja ya krista violeti peke yake, kwa hiyo ipate kwa kugawanya. Tengeneza gliserini yenye mikromola 1, weka fokasi kwenye kioo kitupu chenye usafi ule ule, nguvu ile ile ya leza, mwelekeo ule ule wa mwanga. Toa hesabu ya gliserini tupu. Gawanya kwa idadi ya molekuli zilizomo kwenye fokasi.

Hapa ndipo namba za watu huongezeka bila ongezeko. Chukua fokasi ya femtolita 0.5. Kwa mikromola 1 ingekuwa na molekuli 300. Lakini umeweka fokasi kwenye mpaka wa kioo na kimiminika: nusu yake iko ndani ya kioo, haina rangi. Molekuli ni 150. Tuseme hesabu safi ni fotoni 3,000 kwa sekunde. Basi kila molekuli inatoa 20. Mmweko wenye fotoni 9,000 kwa sekunde juu ya mstari wa chini ni ongezeko la mara 450. Aliyesahau ile nusu angeandika 900. Ujazo wa fokasi yako upime mwenyewe, kwa mfano kwa kuchambua mtikisiko wa mwanga wa rangi angavu ndani ya maji. Usinakili wa maabara nyingine.

Toa pia mgawanyo wa mimweko yote kutoka vijiti vyote ulivyovikubali, si mmweko mmoja mkubwa tu. Mkubwa kuliko yote hutegemea umekaa kwenye kiti dakika ngapi.

11. Thibitisha. Mambo matatu yanatosha kwa kuanzia. Sogea mikromita 2 kutoka kwenye kijiti: mimweko itoweke. Tumia gliserini isiyo na rangi juu ya kijiti: mimweko itoweke. Punguza rangi hadi nanomola 10: mimweko ipungue idadi karibu mara kumi, lakini kimo cha ile mikubwa (wingi wa fotoni zake) kisibadilike. Kimo kikishuka pamoja na idadi, ulikuwa unaona molekuli nyingi kwa pamoja. Kama una kifaa cha kupima muda wa kung'aa kwa molekuli, muda huo ufupike ndani ya mimweko. Ukibaki ule ule, molekuli yako haikuwa karibu na dhahabu.

Mambo yakienda kombo

Hakuna mmweko wowote, lakini vijiti vinaonekana. Angalia kwanza kilele cha kijiti. Kikiwa 580 au 700, tatizo limekwisha kupatikana. Kikiwa sawa, CTAB haijatoka: ongeza muda wa ozoni kwenye kioo kingine. Angalia pia rangi, maana iliyolala kwenye chupa siku mbili huwa imeisha kwa kujibandika kwenye kuta.

Mimweko ipo hata kwenye kioo kitupu. Ni uchafu wa kioo au wa gliserini. Badilisha gliserini kwanza, ndiyo yenye hatia mara nyingi.

Mwanga unapanda ghafla, unakaa sekunde nzima au zaidi, kisha unakatika mara moja. Hiyo ni molekuli iliyojibandika kwenye kioo au dhahabu na kuungua kwa leza. Si kosa, lakini usiichanganye na zinazopita. Zitenge kwa urefu wa muda. Zikiwa nyingi kuliko zinazopita, kioo kina chaji hasi nyingi inayoivuta rangi. Punguza mkusanyiko na ufupishe muda wa kurekodi eneo moja.

Mstari wa chini unapanda polepole. Fokasi inahama au gliserini inakunywa unyevu. Kaza kifuniko, acha sampuli itulie kwenye meza dakika 20 kabla ya kuanza.

Mstari wa chini unashuka polepole na mimweko inapungua. Pima tena spektra kwa 532. Kilele kikiwa kimehamia upande wa bluu, kijiti kimefupika kwa joto. Data ya baada ya hapo haifai. Punguza nguvu.

Usuli mkubwa (mwanga usiotakiwa) unaofunika kila kitu. Mara nyingi ni mwanga wa leza unaovuja kwenye kichujio. Weka kioo kisicho na rangi wala vijiti, halafu zima na washa leza. Tofauti ikiwa kubwa, ongeza kichujio cha pili cha aina ile ile, kikiwa kimeinama kidogo kuhusiana na cha kwanza.

Mimweko ni mizuri lakini ongezeko ni mara 5 hadi 10 tu. Jiulize ulipima kwa vifungu vya muda gani. Mmweko wa milisekunde 0.5 uliowekwa kwenye kifungu cha milisekunde 10 unaonekana mara 20 chini ya ulivyo. Rudi kwenye muda wa fotoni moja moja, kata vifungu vya milisekunde 0.2 hadi 1, na uhesabu tena kabla hujagusa sampuli.

Picha inaonyesha madoa mazuri, yote yakiwa na mkia upande mmoja. Mafuta ya lenzi yamechanganyika na gliserini iliyovuja chini ya kioo. Futa lenzi kwa karatasi yake na ethanoli kidogo, funga sampuli mpya, na safari hii jaza mikrolita 60 badala ya 80.